Viza ya mwaka mmoja Ujerumani: nilivyoomba bila wakala

Wakala alitaka milioni mbili na nusu. "Dada, bila mtu wa ndani ubalozini hupati kitu," aliniambia. Mama akaanza kutafuta mnunuzi wa zabibu zetu za Hombolo, Dodoma, kabla hazijaiva. Nikamwomba anipe wiki mbili nijisomee mwenyewe.

Kwenye tovuti ya ubalozi nikakuta fomu ni bure, na ada ya viza ya zaidi ya siku 90 ni yuro 75. Nilikuwa naenda kama au pair, yaani kuishi na familia na kusaidia kulea watoto, saa zisizozidi 30 kwa wiki, huku najifunza lugha. Wanataka uwe hujafikisha miaka 27, uwe na Kijerumani cha A1, yaani ngazi ya kwanza kabisa, mkataba na familia, na bima. Nikajiuliza, hapo wakala ananifanyia nini? Mtihani naufanya mimi, na dirishani naulizwa mimi.

Kozi nilisoma Goethe-Institut Dar, nikiwa kwa shangazi Mbagala. Hiyo ilikwenda vizuri.

Kilichonitesa ni herufi moja. Pasi ya kusafiria na vyeti vya shule vinasema jina la baba ni Mathayo, cheti cha kuzaliwa kinasema Matayo. Wakala alikuwa amekishika cheti hicho mkononi, akakirudisha kwenye bahasha bila neno. Aliyegundua ni kijana wa steshenari pale Majengo, nikitoa kopi. Aliviweka vyeti viwili sambamba kwenye kioo cha mashine, akaweka kidole: "Dada, baba yako ni yupi hapa?" Nilihisi miguu inaisha nguvu. Nikaenda RITA, ofisi inayosajili vizazi, na cheti cha ubatizo na vyeti vya shule, nikarudi tena na tena, hadi kikarekebishwa. Ningeomba miadi kabla ya hapo, ningeipoteza.

Siku yenyewe nilishuka Dar kwa treni ya SGR, nikafika Umoja House, jengo lenye ubalozi wa Ujerumani, mapema. Niliulizwa kwa Kijerumani: mtoto akipata homa na wazazi hawapo, utafanya nini? Nikasema nampigia mama yake kwanza, kisha nampa maji. Sentensi zangu zilikuwa fupi, lakini zilikuwa zangu.

Viza ilipotoka, mama alikuwa shambani. Zabibu alizivuna zimeiva, akaziuza kwa bei aliyoitaka.