Kasida kwenye darasa linalovuja

Leo asubuhi nimempeleka mwanangu shule, shule ya serikali hapa Lamu. Nikakuta watoto wanafanya mazoezi ya kasida za Maulidi.

Wallahi, sauti zile! Mmoja anapiga tari, wenzake wanaitikia, mwili ukanisisimka.

Mvua ikaanza.

Bati linavuja. Msichana mmoja aliendelea kumsalia Mtume huku akivuta daftari lake taratibu lisilowe. Hakukosa hata beti moja. Inaonekana ameshazoea, na hilo ndilo lililoniuma.

Tangu 2003 tunaambiwa elimu ya msingi ni bure. Alhamdulillahi. Lakini paa, je? Madawati wanayobanana wanne wanne?

Wazazi wenzangu, shule za mitaani kwenu zikoje? Niandikieni hapa, twende pamoja kwa wahusika.