Meli za kontena zimegoma kurefuka
Yaani mi kinachonishangaza kwenye haya madude ni kwamba urefu umegoma kabisa. Emma Mærsk ya 2006 ilikuwa na mita 397, MSC Irina ya 2023 haijafika hata 400 kamili, lakini inabeba kontena 24,346 (kwa hesabu ya zile za futi 20), sasa zote zinaingia wapi? Upana bwana! Umetoka mita 56 hadi 61, halafu zinapangwa juu zaidi. Ila mi nazikubali zaidi zile meli aina ya Triple-E za kampuni ya Maersk za 2013, injini mbili propela mbili, na spidi wakaipunguza makusudi maana mafuta ndo yanakula hela. Shida meli ikinenepa hivyo, bandarini nako zinatakiwa kreni zenye mikono mirefu zaidi, la sivyo kontena za upande wa pili hazifikiki.