Rubani wa jeshi la Marekani: uraia kwanza, mitihani baadaye

Kijana wa Kitanzania au Mkenya mwenye grinikadi anaruhusiwa kujiunga na jeshi la Marekani. Hilo wengi wanalijua, na hapo ndipo wanapopotea. Ruhusa hiyo ni ya kuingia kama askari wa kawaida. Marubani wa Jeshi la Anga, la Majini na wa Marine ni maofisa, na sheria haimpi uofisa asiye raia. Helikopta za Jeshi la Nchi Kavu nyingi hurushwa na maafisa wateule (warrant officers, cheo kilicho kati ya askari na ofisa), nao pia lazima wawe raia. Kipaji au barua ya mkuu wa kikosi haviwezi kuziba pengo hilo. Anayeomba akiwa Nairobi au Dar bila grinikadi hana mlango wa kugonga. Mpango wa MAVNI, uliochukua wageni wenye lugha adimu na wataalamu wa afya, ulisimamishwa 2016, na hata ulipokuwepo haukuwa wa marubani.

Kwa hiyo hesabu ya kufanya mapema ni ya umri. Jeshi la Anga linataka uanze mafunzo ya urubani kabla hujatimiza miaka 33, na helikopta za nchi kavu ukomo wake uko hapo hapo. Chukua mtu aliyetua na grinikadi akiwa na miaka 25. Uraia kwa njia ya kawaida unataka miaka 5 ya ukaazi, au 3 ikiwa unaishi na mwenzi wa ndoa ambaye ni raia. Fomu N-400, ya kuomba uraia, hupokelewa siku 90 kabla ya muda kutimia. Akiapishwa ana miaka 30, na bado kuna mitihani, vipimo, bodi ya uteuzi na shule ya maofisa. Inawezekana, lakini mwaka mmoja ukipotea mlango unafungwa.

Na miaka hupotea kwa mambo madogo. Safari ya nyumbani iliyopita miezi 6 inaweza kuhesabiwa kuwa umekatisha ukaazi. Mwanaume wa miaka 18 hadi 25 lazima ajiandikishe Selective Service, orodha ya wanaoweza kuitwa jeshini. Asiyejiandikisha anaweza kukwama siku ya usaili wa uraia. Shahada ya Makerere au ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam huhitaji kupimwa na taasisi ya kutathmini vyeti vya nje, kwa hiyo agiza matokeo rasmi ya chuo ungali na mtu wa kukufuatilia dirishani. Shahada ya kwanza ni sharti kwa Jeshi la Anga. Helikopta za nchi kavu zinakubali cheti cha sekondari, na kwa wengi wetu hiyo ndiyo njia ya kweli zaidi.

Njia ya mkato iliyo halali ipo. Kwa amri ya rais ya 2002, anayetumikia jeshi katika kipindi kilichoanza 11 Septemba 2001 anaweza kuomba uraia bila kusubiri miaka 5, na bila ada. Unaingia kama askari wa kawaida, jeshi linathibitisha utumishi wako kwa fomu N-426, unaapishwa, kisha unaomba uofisa au uafisa mteule ukiwa ndani. Gharama yake uijue. Kabla ya uraia, hupangiwi kazi zinazohitaji kibali cha usalama, kwa hiyo huenda ukapangiwa stoo au jikoni wakati ndoto yako iko uwanjani. Tena ukiachishwa kwa sababu zisizo za heshima kabla ya kutimiza miaka 5 ya utumishi, uraia huo unaweza kufutwa.

Mitihani usiiendee kwa mazoea ya shule. AFOQT ya Jeshi la Anga ina sehemu 12, na inayowaangusha wengi ni ile ya vyombo vya ndege: unaonyeshwa picha ya upeo bandia (chombo kinachoonyesha ndege imeinama vipi) na dira, kisha unachagua katika picha nne ndege iliyoinama na kuelekea sawasawa na vyombo vinavyosema. Muda ni wa sekunde, na bila mazoezi jicho linadanganya. SIFT, mtihani wa marubani wa helikopta za nchi kavu, hupimwa kwa alama 20 hadi 80, kufaulu ni 40. Unapewa nafasi mbili maishani, na ukifaulu mara ya kwanza kwa 41 huruhusiwi kurudia kutafuta alama nzuri zaidi. Usiufanye kwa kujaribu.

Afya: pumu baada ya kutimiza miaka 13 hukuondoa usipopata msamaha maalumu. Waliotoka pwani na kanda ya ziwa wapime mapema seli mundu na upungufu wa G6PD (kimeng'enya cha damu), maana jeshi litavipima tu. Kubeba jeni moja ya seli mundu si sawa na kuugua ugonjwa wenyewe, na hakukufungii jeshi.

Kisha kuna SF-86, fomu ya kibali cha usalama. Hapa wahamiaji ndipo tunapotokwa jasho. Inauliza makazi ya miaka 10, ndugu wa damu na wakwe walioko nje, mali za nje, na kama umewahi kumsaidia kifedha mtu asiye raia. Kiwanja cha Kibaha au Kitengela kinaandikwa. Ada ya mdogo wako unayotuma kwa M-Pesa inaandikwa. Kutuma si kosa. Kuficha ndiko kosa la jinai. Pakua taarifa za miamala kila mwaka na uzihifadhi, kwa sababu mchunguzi atataka tarehe na kiasi.

Jambo la mwisho ni la pasipoti ya nyumbani. Mtanzania mtu mzima akiapa uraia wa Marekani anapoteza wa Tanzania. Mkenya anabaki na wote wawili, ila ibara ya 78 ya Katiba ya 2010 inamkataza mwanajeshi wa Kenya kuwa na uraia pacha, kwa hiyo baadaye huwezi kuhamia kambi ya jeshi la anga la Kenya ya Laikipia na mabawa yako ya urubani bila kuukana wa Marekani. Anayetaka kurusha ndege za nchi yake aombe ukadeti (mafunzo ya uofisa) katika jeshi la nyumbani: Jeshi la Anga la Marekani hufundisha marubani wa kigeni wanaoteuliwa na majeshi yao wenyewe, na hao hawaombwi kubadili uraia.