Mchoro wa nasaba ya RWD Molenbeek: baada ya kugawanya klabu katika nyuzi tatu

Mchoro umekubali. RWD Molenbeek, klabu ya soka ya Brussels, Ubelgiji, iliyozaliwa kwa muungano mwaka 1973 na kuzimika kwa kufilisika mwaka 2002, sasa inakaa kwenye karatasi moja pamoja na wazazi wake na warithi wake wote, na hakuna mstari hata mmoja unaosema uongo. Anderlecht, klabu nyingine ya Brussels, haikunisumbua, kwa kuwa ni mstari ulionyooka tangu 1908. Molenbeek ndiyo iliyonitoa jasho, na kiini cha usumbufu wote kilikuwa namba ya usajili.

Kwa shirikisho la Ubelgiji, klabu ni namba yake. Namba hizo zilianza kutolewa mwaka 1926 kwa kufuata ukongwe wa uanachama, ambapo Antwerp ilipewa 1, Daring Club de Bruxelles ikapewa 2 na Club Brugge ikapewa 3, na wenzangu wanaochora nasaba za klabu hawahitaji kuelezwa jinsi mashabiki wa huko wanavyoziringia namba ndogo. Shida huanza pale klabu mbili zinapoungana, kwa sababu namba moja huendelea kuishi na nyingine hufutwa, na mataji yaliyopatikana chini ya namba iliyofutwa hubaki kaburini pamoja nayo. Klabu niliyokuwa nikiichora imepitia hali hiyo mara mbili ndani ya miaka 10, na mara zote mbili namba iliyobaki ilikuwa ya upande ambao haukuwa umewahi kutwaa ubingwa wowote.

Muungano wa kwanza ni wa 1963. Upande mmoja walikuwa Racing Club de Bruxelles, namba 6, mabingwa wa Ubelgiji mara 6 kati ya 1897 na 1908 na washindi wa Kombe la Ubelgiji lilipochezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1912. Uwanja wao wa Vivier d'Oie, huko Uccle, ndipo Ubelgiji na Ufaransa zilipotoka sare ya mabao 3-3 tarehe 1 Mei 1904, mechi ya kwanza rasmi kwa timu zote mbili za taifa. Upande wa pili walikuwa White Star wa Woluwe, mashariki mwa jiji, namba 47, kabati lao la vikombe likiwa halina taji la ligi. Klabu mpya ikaitwa Racing White, ikacheza katika uwanja wa Fallon huko Woluwe-Saint-Lambert, na ikabaki na namba 47. Mabingwa mara 6 wakawa wamefutwa katika daftari, na White Star wakaendelea kuishi ndani ya jina ambalo nusu yake si lao. Racing White walipanda daraja la kwanza mwaka 1965 na kufika fainali ya Kombe la Ubelgiji mwaka 1969, ambako Lierse waliwafunga 2-0.

Muungano wa pili, wa 1973, ndio uliouvunja mchoro wangu kabisa. Racing White walikuwa na timu nzuri ya daraja la kwanza lakini majukwaa yao yalikuwa matupu. Daring, kwa upande wao, walikuwa na uwanja mkubwa huko Molenbeek, ng'ambo ya mfereji upande wa magharibi, walikuwa na mashabiki waliorithishana mapenzi baba kwa mwana, walikuwa na mataji 5 ya ligi (1912, 1914, 1921, 1936 na 1937), na tena ndio waliokatisha mwaka 1935 ule mfululizo wa Union Saint-Gilloise wa mechi 60 za ligi bila kufungwa. Walichokosa ni daraja, kwa kuwa wakati huo walikuwa wanacheza la pili. Wakakubaliana: timu ya mashariki ihamie nyumba ya magharibi, iitwe Racing White Daring Molenbeek, na namba iwe 47. Namba 2 ya nchi nzima ikafutwa.

Sasa jaribu kulichora hilo. Ukifuata namba, unapata mstari mmoja uliotulia unaotoka White Star, unapita Racing White na kuishia Molenbeek mwaka 2002, na juu yake kuna ubingwa mmoja tu, wa 1975. Racing na Daring wanakuwa vichochoro visivyo na njia ya kutokea. Kwa shirikisho huo ndio ukweli wote, lakini mzee wa Molenbeek aliyekaa jukwaa lilelile tangu ujana wake, akitazama nyekundu na nyeusi zilezile zikiwa zimewekwa juu ya nyeupe, angeukataa mchoro huo palepale, na mimi nisingekuwa na la kumjibu. Ukifuata watu na urithi, unapata mataji 12 kwa kujumlisha 6 ya Racing, 5 ya Daring na 1 ya muungano, jambo ambalo hakuna kitabu cha kumbukumbu kinachoweza kulikubali. Tofauti ya 1 na 12 si ya kurekebishwa kwa nyota ndogo na maelezo ya chini ya ukurasa.

Nilianza na programu ya kuchorea nasaba za familia, na hapo nina maneno machache. Programu za aina hii zimejengwa juu ya imani kwamba mtoto ni mtu mpya, hivyo haziwezi kuelewa mtoto ambaye kisheria ni mmoja wa wazazi wake aliyebadilisha jina. Kila nilipoipa Racing White namba 47, programu ililalamika kwamba kuna watu wawili wenye kitambulisho kimoja na kupendekeza niwaunganishe, na nikiwaunganisha, Racing Club wanageuka kuwa wenzi wa ndoa wa White Star wasio na mtoto. Nikaiacha. Nikahamia kwenye mistari mizito kwa namba na mistari ya nukta kwa urithi, na matokeo yake yakawa utando wa buibui ambao hata mimi mwenyewe nisingeweza kuusoma bila kidole. Kwa anayefikiria kazi kama hii, ushauri wangu ni kwamba aandike mahusiano yake kwa maandishi ya kawaida na kuyapitisha kwenye Graphviz, programu inayogeuza maandishi kuwa mchoro, kisha amalizie kwa mkono katika Inkscape, programu ya kuchorea. Hizo mbili hazijidai kujua familia ni nini, na kwa mradi huu hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote.

Kilichofungua njia ni kuacha kuichukulia klabu kuwa kitu kimoja. Nimeigawanya kila klabu katika nyuzi tatu zinazotembea sambamba: uzi wa bluu ni namba ya usajili, uzi wa kijani ni uwanja, na uzi mwekundu ni jina na rangi. Nyuzi hizi husafiri pamoja maadamu klabu iko salama, na siku ya muungano kila mmoja hushika njia yake. Mwaka 1963 bluu inatoka kwa White Star, kijani kinabaki Fallon, na wekundu unatoka pande zote mbili. Mwaka 1973 bluu inavuka jiji kutoka Woluwe, kijani hakisogei hata kidogo kwa kuwa kilikuwa Molenbeek tangu 1920, na wekundu wa Daring unaingia pamoja na ule wa Racing White. Mataji sasa yanatundikwa kwenye uzi wa bluu ulioyapata na si kwenye jina la klabu. Msomaji anaona mwenyewe kwamba yale 5 ya Daring yako kwenye bluu iliyokatika mwaka 1973, huku kijani na wekundu vilivyokuwa chini yake vikiendelea kulia kwa karatasi. Hahitaji tena kuambiwa kama jibu ni 1 au 12.

Niliujaribu mtindo huu kwa kuweka wachezaji wachache juu yake. Morten Olsen alitoka Cercle Brugge mwaka 1972 kwenda Racing White, na mwaka mmoja baadaye akajikuta ni mchezaji wa Molenbeek bila kusaini kwingine. Katika mchoro wa zamani alionekana amehama klabu, ilhali katika huu mpya anabaki juu ya bluu ileile na kijani tu ndicho kinachobadilika chini yake, kama ilivyokuwa kweli. Johan Boskamp alifika kutoka Feyenoord mwaka 1974, katika msimu ambao daraja la kwanza lilipanuliwa hadi timu 20 na kila timu ikacheza mechi 38. Chini ya kocha Félix Week, klabu yenye umri wa miaka miwili ikawa bingwa wa Ubelgiji, na Boskamp akapewa Kiatu cha Dhahabu cha 1975, tuzo ya mchezaji bora wa Ubelgiji. Ubingwa huo uliwapeleka Kombe la Mabingwa la Ulaya, ambako Hajduk Split waliwatoa katika raundi ya pili.

Msimu ninaoupenda zaidi ni 1976–77 katika Kombe la UEFA. Næstved walitolewa bila taabu, Wisła Kraków wakatolewa kwa mikwaju ya penalti baada ya sare mbili za 1-1, kisha wakafuata Schalke 04 na Feyenoord. Nusu fainali dhidi ya Athletic Bilbao ilikuwa 1-1 Brussels na 0-0 Bilbao. Molenbeek hawakufungwa katika mechi hata moja kati ya zote 10 za mashindano yale, na bado waliondolewa kwa kanuni ya bao la ugenini. Athletic nao wakapoteza fainali mbele ya Juventus kwa kanuni ileile, jambo ambalo sikutakiwa kulifurahia lakini nimelifurahia.

Kipande cha baada ya 2002 kilileta kero ya aina nyingine. Msimu wa 2001–02 Molenbeek walimaliza wakiwa salama uwanjani, lakini walinyimwa leseni na kufilisika, na bluu ya 47 ikakatika. Mwaka 2003 klabu ya Strombeek, kutoka kaskazini ya Brussels, ikahamia uwanja uleule wa Molenbeek, ambao sasa unaitwa Edmond Machtens kwa heshima ya meya wa zamani wa manispaa hiyo. Ikajiita FC Molenbeek Brussels Strombeek, ikapanda daraja la kwanza mwaka 2004, ikashuka mwaka 2008 na kutoweka mwaka 2014. Namba yake ya usajili ilikuwa 1936. Programu yangu ndogo ya kupanga visanduku kwenye mhimili wa miaka ilisoma tarakimu nne za kwanza inazokutana nazo katika kila mstari wa jedwali, kwa hiyo Strombeek ilipaa na kutua katikati ya msimu ambao Daring walikuwa mabingwa, ikakaa hapo kwa utulivu kana kwamba ilialikwa. Kisha nikaongeza RWD Molenbeek (RWDM) iliyoanzishwa upya mwaka 2015 kwa kutumia namba ya klabu ya Standaard Wetteren, ambayo ni 5479, na karatasi ikanyoshwa kwenda kulia hadi mwaka 5479. Tiba yake ni herufi moja: namba zote sasa zinaanza na N, hivyo N47, N1936, N5479.

Lakini ni katika kipande hiki ndipo nyuzi tatu zinapolipa gharama yake. Bluu tatu tofauti zinapokezana, wakati kijani kinapita chini yake bila kukatika. Wekundu nao unafanya jambo ambalo sikulitegemea mradi ulipoanza. RWDM wa 2015 walipanda hadi daraja la kwanza mwaka 2023, wakashuka mwaka uliofuata, na mwaka 2025 wakabadilisha jina na kuwa Daring Brussels. Jina lililopoteza namba yake mwaka 1973 limerudi juu ya namba iliyotoka Wetteren, na limerudi katika uwanja ambao Daring wenyewe waliuhamia mwaka 1920. Katika mchoro wowote wa zamani hilo lingehitaji aya nzima ya maelezo. Hapa ni kipande kifupi cha uzi mwekundu kinachopanda na kushika nafasi yake ya mwanzo.

Mpango wangu ulisema hatua inayofuata ni kadi za wachezaji wa kikosi cha 1975. Zitasubiri, kwa sababu usiku nilipokuwa nikisafisha mistari nilijaribu nyuzi zilezile kwa Genk, ambayo wasomaji wengi wa Kiswahili waliifahamu kupitia Mbwana Samatta na ubingwa wa 2019. Genk ilizaliwa mwaka 1988 kwa muungano wa Winterslag na Waterschei Thor, klabu za vitongoji viwili vya wachimba makaa ya mawe, katika miaka ileile ambayo migodi ya huko ilikuwa inafungwa. Namba, 322, ilitoka kwa Winterslag. Uwanja uko Waterschei, na Waterschei ndio waliokuwa na Makombe mawili ya Ubelgiji, ya 1980 na 1982, pamoja na nusu fainali ya Kombe la Washindi la Ulaya mwaka 1983 dhidi ya Aberdeen. Ni umbo lilelile la 1973: bluu kutoka upande mmoja, kijani na historia kutoka upande wa pili.

Nikaongeza Germinal Beerschot, klabu ya muungano wa 1999, na umbo likajirudia. Namba 3530 ilitoka kwa Germinal Ekeren, waliokuwa daraja la kwanza, na uwanja wa Kiel ukatoka kwa Beerschot, waliokuwa na mataji 7, namba 13 na madeni. Nadhani nimeshika kanuni: aliye juu kwenye ligi hutoa namba, kwa kuwa namba ndiyo inayobeba nafasi ya daraja, na aliyeanguka hutoa majukwaa na watu wa kuyajaza. Kwa hiyo karatasi moja imekuwa tatu, zote kwa kipimo kimoja cha miaka ili ziweze kubandikwa moja juu ya nyingine, na kinachonikabili sasa ni Beerschot ya baada ya 2013, ambapo 3530 nayo ilifilisika na jina likachukuliwa na klabu ya Wilrijk yenye namba 5263.