Wiki saba za kusubiri simu

Mwaka 2023 niliitwa usaili mara tatu na kampuni moja ya kusafirisha mizigo hapa Dar es Salaam, nafasi ya afisa ugavi msaidizi. Mara ya kwanza ukumbi ulijaa, mara ya pili tulikuwa sita, mara ya tatu tukabaki wawili. Nilioneshwa mpaka ghala. Afisa rasilimali watu akanipa mkono akasema, "Tutakupigia dada, usijali."

Kuanzia hapo, kimya.

Nililala na simu chini ya mto. Nikienda kuoga namwachia shangazi ninayeishi naye Mbagala: namba ngeni ikiita, pokea. Jioni akirudi sokoni neno lake la kwanza ni "Wamepiga?" Siku ikafika akaacha kuuliza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Wiki ya tatu mzee mmoja mwenye duka la vipuri Kariakoo aliniita nikamtunzie stoo. Nikamwomba anipe muda kidogo, kuna mahali nasubiri jibu. Akampa mtu mwingine, na simlaumu.

Wiki ya saba nikapiga mwenyewe. Mapokezi wakaniambia nafasi imeshajazwa, mhusika ana mwezi kazini. Mwezi! Yaani siku zile namwomba mzee wa Kariakoo muda, mwenzangu alikuwa anasaini mkataba.

Hawakuwa na deni la kunipa kazi. Lakini mtu uliyemwita mara tatu, akatafuta nauli mara tatu, meseji ya mstari mmoja ni haki yake. Kwenye ajira za serikali, Sekretarieti ya Ajira hutoa orodha ya walioitwa kazini, na tangazo huwaambia wasioona majina yao wajue hawakupata, wasisite kuomba tena. Unalitafuta jina lako, halipo, unalia, unaendelea na maisha. Mimi niliachwa hewani.

Ndipo nilipobadilisha utaratibu. Mwisho wa usaili huwa wanauliza, "Una swali lolote?" Zamani nilisema sina. Sasa nauliza: majibu yatatoka tarehe ngapi, na yasipotoka nimtafute nani, kwa namba ipi? Naandika kwenye daftari palepale, mbele yao. Wengine wakiona kalamu inatembea hufungua kalenda kwanza ndipo wanataja tarehe.

Tarehe ikipita nasubiri siku mbili za kazi, halafu natuma ujumbe: "Habari za asubuhi kaka. Nilifanya usaili wa nafasi ya ugavi tarehe 14, na ulinieleza majibu yangetoka tarehe 28. Naomba kujua kama mchakato unaendelea au nafasi imeshajazwa. Jibu lolote nitalipokea vizuri. Asante." Chini naweka jina langu kamili, maana wanasaili watu wengi. Yale maneno "au nafasi imeshajazwa" siyaachi kamwe. Watu wengi huona haya kumtamkia mwenzao kwamba amekosa. Ukishalisema wewe, yeye anabaki kukubali tu. Wasipojibu wiki nzima napiga simu mara moja, kisha nawachora mstari kwenye daftari. Na kazi nyingine ikija katikati, naichukua.

Daftari lile lilifika kampuni tisa. Tano zilinijibu, nne kati ya hizo baada ya mimi kukumbusha. Ya tano ilinipigia tarehe ileile waliyoitaja, saa kumi jioni, nikiwa kituoni nasubiri daladala. Dada wa rasilimali watu akaniambia nimekosa, na sababu akanipa: walitaka mtu aliyekwisha kusajiliwa na Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, PSPTB, na mimi nilikuwa bado. Nilimshukuru mpaka akashangaa, akauliza kama nimemsikia vizuri.

Nilimsikia. Usajili nimeanza kuushughulikia, na kampuni yake nimeiandika ukurasa wa kwanza wa daftari jipya. Wakitangaza nafasi tena, maombi yangu yatafika siku hiyohiyo.