Kabla hujalipa kodi ya miezi sita, nenda huo mtaa usiku

Mdogo wangu kanipigia juzi saa kumi jioni, sauti ina haraka, dada nimepata chumba Msewe, hapa Dar karibu na chuo, master, ina tailizi, laki na nusu kwa mwezi, dalali anasema kuna mtu mwingine anakuja kulipia leo leo so nitumie hela sa hivi. Nikamuuliza umekiona saa ngapi, akasema saa nane mchana. Na kutoka chuo huwa unatoka saa ngapi? Kimya kidogo, halafu akasema diskasheni zinaisha saa tatu, wakati mwingine saa nne. Nikamwambia basi bado hujakiona.

Tuhesabu kwanza hela maana ndo kinachouma. Laki na nusu mara miezi sita ni laki tisa, na dalali anachukua mwezi mmoja, jumla milioni moja na elfu hamsini, inatoka siku moja. Hela hiyo ukishamkabidhi mwenye nyumba, hata ukagundua wiki ya pili kuwa mtaa haukaliki, kuipata tena ni shughuli. Mimi najua kwa sababu yalinikuta.

Mwaka 2019 nilipanga upande wa Tabata, mtaa wenyewe sitautaja maana wapo watu wazuri sana wanaishi pale. Nilienda kuangalia nyumba Jumapili saa tano asubuhi. Watoto wanacheza njiani, kwaya inaskika, wamama wanasukana nje, fensi ndefu ina vipande vya chupa juu, geti zito la chuma. Nikasema hapa ndo penyewe, nikalipa. Kumbe kazini kwangu, hotelini huko Posta, shifti ya jioni inaisha saa nne usiku, hadi nishuke kwenye daladala pale kituoni ni saa tano kasoro, na kutoka lami mpaka geti langu ni dakika kumi na mbili za kutembea. Ile njia niliyoipita Jumapili na mashangazi wanaotoka kanisani, usiku ilikuwa njia nyingine kabisa. Kuna pagala moja kubwa halina madirisha, pembeni yake kiwanja kina majani yananifika kiunoni, taa hamna hata moja, na kile kijiwe cha mafundi pikipiki nilichokiona mchana nikajua watu wapo, saa mbili tu kishafungwa.

Wiki ya tatu wakanipora pale pale kwenye pagala. Vijana wawili, mmoja kanishika mkono kama tunafahamiana, mwingine kanionyesha kisu bila kusema neno. Simu, pochi, kitambulisho, hadi viatu. Nilifika getini peku, natetemeka, na kilichoniuma zaidi ni jirani alivyofungua mlango akaniambia kwa huruma kabisa "pole dada, kwani hukuambiwa usipite pale usiku?"

Hukuambiwa. Yaani mtaa mzima walikuwa wanajua. Ile taarifa ilikuwepo, bure kabisa, mimi ndo sikwenda kuiuliza. Mwenye nyumba nilipomuomba anirudishie kodi iliyobaki alikataa, nikaishi miezi mingine miwili nikilipa boda kila usiku, nikaondoka na hela ya miezi mitatu imebaki pale.

Tangu hapo mimi chumba nakiangalia mwisho. Kwanza naiangalia njia, kuanzia ninaposhukia gari mpaka mlangoni, kwa miguu, kwa saa ile ile nitakayokuwa narudi. Na siendi peke yangu, naenda na mtu. Naangalia taa ziko wapi na zinawaka au ni nguzo tu. Zile barabara za mitaani zilizojengwa na DMDP, ule mradi wa kuboresha miundombinu ya jiji la Dar, huko Temeke, Ilala na Kinondoni, nyingi zimewekewa taa, na kuna mitaa imebadilika kabisa usiku kwa sababu hiyo tu, wafanyabiashara wadogo wamesogea kwenye mwanga na penye wafanyabiashara kuna macho.

Hilo la macho nataka nilisemee kidogo maana watu wengi tunakosea. Tunaogopa uswahilini tunakimbilia mitaa yenye mageti. Mimi nilikuja kuishi Mwananyamala miaka mitatu, nyumba zimebanana, watu wamekaa barazani hadi saa tano usiku, muuza chipsi kona, wazee wanacheza bao, na nikipita naulizwa "leo umechelewa, vipi kazi?" Pale mgeni akiingia anaonekana. Wala sisemi hakuna wizi, upo, nguo zangu kambani zilishaibiwa mara mbili. Lakini kutembea usiku sikuwahi kuogopa. Halafu kuna rafiki yangu alipanga kule kwa wenye nazo, kuta pande zote mbili za barabara, ndefu, hamna dirisha linaloangalia nje, hamna duka, ukipiga kelele anayekuskia ni mbwa. Aliporwa na watu wa pikipiki saa moja na nusu jioni, na giza ndo limetoka kuingia.

Jambo la pili, maswali. Ukimuuliza mtu "hapa kuna usalama?" atakwambia upo, wa kutosha, shaka ondoa. Hakudanganyi, ndo anaishi hapo, hawezi kuusema vibaya mtaa wake kwa mtu asiyemjua. Uliza vitu vidogo vidogo. Nilipokuwa natafuta hapa ninapokaa sasa nilienda kwenye genge, nikanunua nyanya za buku na kitunguu, nikamwambia yule mama shkamoo, mi nataka kuhamia nyumba ile ya bluu, huwa narudi saa tano usiku, nipite njia ipi? Akaacha kumenya vitunguu saumu. Akaniangalia. "Mwanangu, hii ya mtaroni ipite mchana. Ikishafika saa tatu zunguka kwa msikitini, pale pana mlinzi na kijana wa chipsi, anafunga saa sita. Na ukichelewa zaidi ya hapo mpigie Mangi mwenye duka, geti lake anafungua." Dakika mbili nikapata ramani ya mtaa ambayo dalali asingenipa hata ningemlipa miezi miwili.

Muulize na Mangi anafunga duka saa ngapi. Nondo na wavu dukani visikutishe, karibu maduka yote ya Dar yanavyo, angalia muda. Mangi anayeuza hadi saa tano anaujua mtaa wake, na yule anayefunga saa moja na nusu wakati wateja bado wapo anaujua pia.

Bodaboda nao. Nenda kituoni muulize mchana kunipeleka pale shingapi, akisema buku, muulize na saa tano usiku je? Akisema buku jero sawa, ni usiku. Akisema elfu nne au akaanza kujikuna kichwa na kusema "dada kule usiku huwa hatuingii", umeshajibiwa, rudi nyumbani.

Nyumba yenyewe sasa. Angalia dirisha liko umbali gani na fensi au uchochoro. Jirani yangu kule Tabata laptop yake ilivutwa dirishani na fito yenye ndoano, dirisha lina nondo, lina wavu, waliukata wavu taratibu yeye kalala. Kitanda na meza ya vitu visikae chini ya dirisha. Ukiona nyumba nne mfululizo zimewekwa grili mpya, saruji bado ina rangi mbichi, uliza kimetokea nini. Kitasa badilisha siku unayohamia, funguo za mpangaji aliyepita hujui ziko wapi. Na kama dirisha zote zina nondo na mlango ni mmoja tu, fikiria moto pia, utatokea wapi? Namba ya zimamoto ni 114, polisi 112, ziandike kabisa.

Nenda na ofisi ya serikali ya mtaa, au kwa mjumbe. Ukihamia unatakiwa ujitambulishe, so anza kabla ya kulipa. Uliza kama ulinzi shirikishi upo, mchango shilingi ngapi kwa mwezi, na vijana wanaolinda ni wa hapo hapo? Septemba 2022 panya road, yale makundi ya vijana wanaopora na mapanga, walipovamia watu majumbani, mitaa mingi iliamsha ulinzi, wengine wakaendelea, wengine baada ya miezi michache wakaacha kuchanga ikafa. Ulinzi wa kwenye daftari haukusaidii, kaa hapo mtaani hadi saa sita uone kama kuna mtu anapita na tochi na filimbi. Na maneno ya kwenye magrupu ya WhatsApp yachuje, wanaokumbuka Januari 2015 wanajua jioni moja tu jiji lilivyokimbia kwa uvumi kuwa panya road wanakuja, watu wanafunga maduka, wanakimbizana, na sehemu nyingi hapakuwa na tukio lolote.

Na maji, tafadhali. Kodi ikiwa rahisi kupita kiasi na nyumba iko bondeni, karibu na Msimbazi au mito yake midogo, angalia ukuta kwa nje chini. Ule mstari wa tope, kahawia, umenyooka kama umepigwa rula, ndo maji yalipofika. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu hapa Dar na baadhi ya mabonde yale bado yanapangishwa. Muulize jirani masika ya mwaka jana mlilala wapi.

Mdogo wangu alinuna kidogo nilivyokataa kutuma hela. Akasema chumba kitachukuliwa. Nikamwambia kikichukuliwa kitapatikana kingine. Dalali kampigia tena jana, kumbe bado kipo. Ijumaa natoka kazini mapema, tunakutana getini pale chuo saa tatu na nusu usiku, tunatembea wote mpaka kwenye hicho chumba, simu tumeziacha kwa rafiki yake hosteli, tuna nauli tu mfukoni. Nimemwambia tukifika asiingie ndani kwanza, tukae kwa muuza chipsi tule, tuone nani anapita.