Siku tisa bila novena

Mwaka 2014 nilipewa kazi Mwanza. Kazi yenyewe nzuri: uhasibu kwenye kampuni ya usafirishaji, mshahara umeuzidi wa Dar kwa laki nne na nusu, na kodi ya nyumba wangelipa wao kwa miezi sita ya mwanzo. Walinipa wiki mbili za kujibu. Nikakaa siku nne natazama dari ya chumba changu cha Kimara, nalala nayo, naamka nayo. Siku ya tano ndipo nikaona kinachonikwamisha. Nilikuwa na miaka 28 na sikuwahi kuamua jambo kubwa hata moja.

Mengine yote ya nyuma niliyaombea. Kwetu Kibosho, Moshi, jambo zito linasaliwa novena. Unaweka nia, unawasha mshumaa, unasali siku tisa kwa Mtakatifu Yuda Tadei, mwombezi wa mambo yaliyoshindikana, halafu unasubiri ishara. Nilisali novena kuchagua kati ya uhasibu na ualimu. Siku ya tisa mjomba akapiga simu kwa mambo yake, katikati ya mazungumzo akamtaja jamaa wa benki anayelipwa vizuri, nikasema basi, nimejibiwa. Hata kutoka seminari ndogo nilisali (mama alitaka padre, hiyo ni habari ya siku nyingine), na ishara ilikuwa malaria. Niliumwa wiki nzima, nikaelewa kwamba Mungu hanihitaji pale.

Imani ilinitoka polepole, na sina kisa cha kusimulia. Hakuna padre aliyenikosea, hakuna msiba ulionikasirisha. Nilikuwa kama mtu anayepunguza sukari kwenye chai, kijiko kwa nusu kijiko, mpaka siku anapewa ile ya zamani haipiti kooni. Krismasi ya 2012 nilikuwa nyumbani, mwezi ule ambao watu wanatutania Wachaga kwamba tumekwenda kuhesabiwa, na misa ilipofika kwenye Nasadiki, pale waumini wote wanapoikiri imani, nikajikuta nimefunga mdomo. Wenzangu wakasema yote mpaka amina. Nikajua yamekwisha.

Watu wakisikia umeacha dini wanakuuliza utaishije bila maadili. Hilo halikunisumbua hata kidogo, sikuanza kuiba. Kilichonisumbua ni kwamba sikuwa na namna ya kuamua. Dini ilinipa mahali pa kupeleka swali na tarehe ya kulichukulia jibu, na mambo yakiharibika ilinipa wa kumwachia: Mungu ana mpango wake. Sasa swali limekaa nami chumbani, na mwenye mpango ni mimi.

Usiku wa siku ya tano nikatoa kaunta buku na, kwa mazoea tu, nikaandika juu: NIA. Chini yake: kwenda Mwanza na kumwacha mwenzangu Dar.

Nikamkumbuka bibi. Alikuwa akituambia, sisi wajukuu, kwamba nia yenye "na" ndani yake ni nia mbili, zisaliwe mbalimbali, maana ukizichanganya hutajua umejibiwa ipi. Nikaifuta, nikaandika mbili. Kwenda Mwanza: ndiyo au hapana. Mwenzangu: nataka kumwoa au sitaki. La pili nilikuwa na jibu lake hata kabla wino haujakauka. La kwanza ndilo likabaki, na sasa lilikuwa dogo.

Kisha nikajipa siku zilezile tisa. Sikuwa na sababu yoyote ya tisa, ila mwili ulikuwa umezizoea. Katika siku hizo niliwapigia watu wawili, mmoja aliyewahi kuhamia Mwanza na mwingine aliyekataa uhamisho kama huo. Sikuwauliza nifanyeje. Niliwauliza ni kitu gani hawakukitarajia. Yule wa Mwanza hakufikiri hata kidogo: "Misiba, mangi. Kila ukisikia simu ya usiku unahesabu siku nzima ya basi kufika Moshi, na nyingine ya kurudi." Mshahara wangu wote wa ziada niliupigia hesabu ya misiba ya ukoo wetu kwa mwaka mmoja. Ukoo mkubwa. Siku ya tisa nikaandika barua ya kukataa.

Nilitegemea amani moyoni, ile tuliyofundishwa kwamba ndiyo muhuri wa uamuzi sahihi. Haikuja. Aliyeichukua kazi alinunua Noah mwaka uliofuata na nikaumia kabisa. Mpaka leo sijui kama nilikosea, na nimekwisha kuacha kusubiri wa kuniambia.

Ndoa ndiyo iliyonitoa jasho.

Mwenzangu ni Mkatoliki wa kweli, si wa Krismasi na Pasaka. Alijua nimeacha, tulishabishana tukachoka. Mimi nikamwendea na mpango wangu wa kijanja: tufunge bomani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaturuhusu, unapeleka taarifa siku 21 kabla, inabandikwa, mwenye pingamizi aseme, kisha mnafunga mbele ya msajili na mashahidi wawili. Nilimweleza vizuri kama mtu anayeuza bima. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja.

"Na mimi nitapokea wapi?"

Aliyelelewa Ukatoliki anaelewa. Mkatoliki aliyefunga ndoa ya bomani tu hapokei Komunyo. Kwa hiyo ukweli wangu ungelipiwa na yeye, kila Jumapili, amebaki benchini huku wenzake wanapanga mstari. Mimi ningekuwa nyumbani nasoma gazeti.

Njia ya pili ilikuwa rahisi mno. Cheti changu cha ubatizo na cha kipaimara viko kwenye sanduku la mama, vimefungwa kwenye nailoni. Rafiki yangu mmoja akaniambia, "Mangi, kapige magoti dakika kumi, oa, maisha yaendelee." Wapo wengi waliofanya hivyo na siwalaumu. Nami karibu nifanye. Lakini siku ya tatu au ya nne nikaandika kwenye kaunta buku maneno ambayo ningelazimika kuyatamka, moja moja: kuungama kwa padre dhambi ambazo sizioni kuwa dhambi, kusema amina mbele ya hostia. Na yule ambaye angeniamini zaidi ya wote siku hiyo amesimama pembeni yangu na shela.

Nikaenda kwa padre wa parokia yake nikamwambia yote. Nilidhani atanifukuza. Akachukua kitabu cha sheria za Kanisa, akafungua kanoni ya 1071, akanionyesha kidole kilipo: ndoa ya mtu aliyeiacha imani waziwazi inahitaji kibali cha askofu. "Kumbe mpo wengi mpaka mmeandikiwa," akasema, akacheka. Akanieleza kwamba ubatizo haufutiki, kwa hesabu zao mimi bado ni wao, nimepotea njia tu. Mwenzangu ataahidi kulinda imani yake na kufanya kila awezalo watoto wabatizwe. Mimi siahidi kitu. Natakiwa kuijua tu ahadi yake. Ningeijua na kuikubali? Nikaomba muda. Akauliza siku ngapi. Nikasema tisa, naye akanitazama kwa jicho la pembeni.

Kukubali watoto wabatizwe ilikuwa kazi kuliko ndoa yenyewe. Nilikuwa na hoja zangu, nzuri tu: mtoto hajaulizwa. Lakini nilipokaa nikaona mtoto haulizwi lugha, haulizwi ukoo, haulizwi azaliwe Kibosho au Kimara. Mimi nilibatizwa nikiwa na wiki sita na haikunizuia kutoka. Mlango ule nilipita mwenyewe, naye ataukuta.

Tulifunga kanisani mwaka 2016, ndoa bila misa. Mama alilia simu nzima. "Ndoa bila misa? Nitawaambia nini akina mama wa WAWATA?" Baadaye nikasikia amewaambia padre alikuwa na safari. Sikumsahihisha.

Binti yetu alipobatizwa, padre alituuliza wazazi na msimamizi kama tunamkataa Shetani. Nilijibu kwa sauti kubwa kuliko wote. Huyo nimemkataa bila shida, maana naye simwamini. Maswali yakahamia kwa Mungu Baba Mwenyezi, nikanyamaza, na mke wangu akanikanyaga mguu. Hakunikanyaga kwa kunyamaza. Ni kwa ile sauti ya mwanzo.

Msidhani kaunta buku ni dawa. Mwaka 2019 nilinunua kiwanja Mapinga kwa milioni nne. Nia moja, siku tisa, hesabu safi, mpaka na picha nilipiga. Mama akashauri nikiombee, nikamjibu kwa kiburi kwamba nimekifanyia utafiti. Utafiti wenyewe ulikuwa mkataba wenye mhuri na maneno ya muuzaji. Sikuuliza hata jirani mmoja. Miezi minne baadaye nikakuta mtu anachimba msingi, naye ana mkataba wake, na wake una tarehe ya nyuma ya wangu. Pesa haikurudi. Zamani ningesema Mungu ameniepusha na jambo baya zaidi, nilale. Safari hii niliandika: niliogopa kuuliza majirani kwa sababu nilikwisha kukipenda. Hayo ni maneno saba, na kuyaandika kuliniuma kuliko zile milioni nne. Mke wangu hakusema neno kwa siku mbili, na mama, kwa heshima, hakusema kabisa. Sasa hatununui kitu cha ardhi mpaka nimekaa kwenye kibaraza cha jirani nikanywa chai yake.

Mambo ya serikali hayakunipa shida kama nilivyodhani. Katiba, ibara ya 19, inanipa uhuru wa kuamini nitakacho, na sensa zetu hazijauliza dini tangu ya 1967. Fomu za hospitali na shule ndizo zenye kijimstari cha "Dini". Nikiacha wazi, karani anaangalia jina langu ananiuliza, "Nikuandikie Mkristo?" Nilikuwa nabishana. Siku hizi namwambia andika utakavyo, foleni ni ndefu.

Lililobaki ni kuzikwa. Mwenyekiti wa jumuiya ya mtaani kwetu alikuja mara tatu, mtu mpole, na mara ya tatu akasema lile ambalo kila Mkatoliki ameshasikia: "Usiposali jumuiya, baba, nani atakuzika?" Nilicheka mbele yake. Usiku sikucheka. Mtu unaweza kuishi bila Mungu, lakini bila watu wa kubeba jeneza?

Hii iliingia kwenye kaunta buku ikatoka na mambo mawili. Nikajiunga na kikundi cha kufa na kuzikana cha mtaani, Waislamu, Walutheri, Wakatoliki, na fundi pikipiki mmoja ambaye dini yake hakuna aijuaye. Elfu tano kwa mwezi, na ukitokea msiba unafika, hutumi pesa tu. Nimeshakaa matanga mengi kuliko nilipokuwa muumini. Na nikaandika wosia, nikazikwe kihambani, kwenye shamba letu la ukoo, karibu na baba, sala ziwe zile atakazotaka mke wangu. Wa kulia ni yeye. Maneno achague yeye. Alipousoma akaniuliza mbona nimemwachia mashamba ya migomba na deni la benki kwenye mstari mmoja, nikaona kweli kuna "na" pale, nikatenganisha.

Nyumbani sasa tuna utaratibu wetu. Likija jambo, yeye anasali novena yake, mimi naandika, tunaanza siku moja, na siku ya tisa watoto wakilala tunakutana mezani. Mara nyingi tumefika mahali pamoja. Akifika mahali pengine huwa hasemi ameambiwa na Mungu. Tulikubaliana hivyo mapema, na mimi nisimwambie hesabu zinasema.

Binti ana miaka minane, ameanza mafundisho ya Komunyo ya Kwanza. Majuzi, tukimsubiri mama yake nje ya kanisa, aliniuliza kwa nini mimi huwa sipangi mstari. Nilimwambia nitamjibu, na nikampa siku. Amezihesabu kwa vidole, kimebaki kimoja cha mkono wa kulia. Mke wangu ana jibu zuri ambalo angependa nilitumie, lakini ni lake. Jana niliandika nia, nikaisoma tena asubuhi nikakuta nimeweka "na" mbili.

Leo ni siku ya nne.